Anayeomba Maji kwa Siri

Jumatatu, 7 Oktoba

Mimi Loth Mbwambo, mkulima wa tangawizi wa hapa Mamba, leo naanza kuandika. Mke wangu Asteria amecheka mpaka akashika mbavu. Amesema, "Baba Gideoni, kalamu unaishika kama jembe." Nimemjibu kwamba jembe ndilo lililomlisha. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini lile la zamani, siyo haya ya sasa ambayo mtoto anamaliza la saba hajui kuandika neno "tangawizi". Nitaandika vuli yote, tangu kupanda mpaka shule zifungwe, halafu tuone nani atacheka.

Daftari nimepewa na mjukuu wangu Irine. Anakaa na sisi, yuko darasa la nne. Asubuhi ananiamkia, "Shikamoo babu," namjibu, "Marahaba mchumba wangu," halafu Asteria anasema, "Na mimi mke mkubwa unaniacha wapi?" Tunacheka. Ndio utani wa nyumba yetu, na nyumba zote ninazozijua.

Jumanne, 8 Oktoba

Mvua bado. Matuta tayari.

Jumatano, 9 Oktoba

Mwanangu Gideoni, baba yake Irine, anayechimba jasi kule Makanya, ameniletea simu ya kupangusa. Kidole changu kimeota sugu, simu haikisikii. Napangusa, imelala. Irine akigusa mara moja inaitika. Tumegawana kazi: mimi nasema, yeye anaandika. Ikija meseji yeye anasoma, mimi nasikiliza kama hakimu. Ameniingiza kwenye kundi la wakulima wa tangawizi. Watu mia mbili na zaidi! Wameshanijua.

Ijumaa, 11 Oktoba

Irine amekuwa wa kwanza darasani. Nilimsimamisha mlangoni na sare yake, mkononi nikampa tunguu kubwa la tangawizi, lile lenye vidole kama mkono wa mtu. Nikamwambia ageuke kidogo ili jina la shule kwenye sweta lionekane. Nikarekodi na sauti: "Huyu ndiye mchumba wangu Irine, darasa la nne, hakuna wa kumshinda. Tunakaa hapa juu ya ndiva, mtu akitaka tangawizi ya kweli aje." Tumetuma kundini. Vidole gumba vimemiminika mpaka Irine akachoka kunihesabia.

Jumapili, 13 Oktoba

Baada ya ibada Mwalimu Hedwiga alinifuata. Ni binti mdogo tu, anafundisha hapo shuleni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu."

"Mzee, ile picha ya Irine. Naomba uifute."

"Imekosa nini?"

"Haijakosa. Ila umetaja jina lake, shule inaonekana, na mnapokaa umepasema. Wale watu wa kundini unawajua wote?"

Nikamwambia, mwalimu, mimi nimegawa maji ya ndiva miaka kumi na saba. Ndiva yetu ile, bwawa la wazee linalokusanya maji ya mfereji, mimi ndiye niliyekuwa nafungua na kufunga. Niliwajua watu wote wa mfereji mpaka mbuzi wao. Nikampa na kisa cha jogoo. Alikuja mtu alfajiri, ana jogoo kwapani, anataka nimfungulie maji kabla ya zamu yake, wengine wasijue. Nikamwambia rudi na jogoo wako, uje mchana uombe mbele ya wenzako. Maji hayaombwi kwa siri. Anayeomba kwa siri ni mwizi ambaye hajaiba bado.

Mwalimu akasikiliza mpaka mwisho, ana adabu. Halafu akasema, "Lakini hao walikuwa watu wa mfereji, mzee. Hawa wa kwenye simu mfereji wao unatoka wapi?"

Ana somo lake kila Jumatano jioni, la kuwafundisha watoto wadogo mambo ya simu: nini useme, nini usiseme, usimcheke mwenzako huko ndani. Irine ameshakwenda mara mbili. Nimesema inatosha. Wanafundisha watoto woga. Picha sifuti. Sisi Wapare kesi ya kuku tunaiuzia ng'ombe, sembuse ya picha.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mvua imeanza. Na kuna bwana mmoja wa kundini ameniandikia peke yangu. Anaitwa Tumainieli, mkulima wa mpunga kule bondeni Kihurio. Kaanza na shikamoo. Kaniita Mzee Hodari. Anasema ameona picha, ameona tunguu, hajapata kuona tangawizi kama ile. Nimemwambia Irine aisome tena.

Alhamisi, 17 Oktoba

Tumepanda. Mgongo.

Jumatatu, 21 Oktoba

Tumainieli kaandika tena, anauliza mvua, anauliza mgongo wangu. Mtu wa bondeni anauliza mgongo wangu, na Gideoni niliyemzaa haulizi! Mwishoni kaandika, "Na mchumba wetu hajambo?" Irine alicheka. Mimi pia. Nimependa, ni mtu wa kwetu, utani anaujua.

Jumanne, 22 Oktoba

Tumainieli katuma vocha. Asteria aliacha kupepeta maharage.

"Huyu umemwona wapi?"

"Kwenye simu."

"Nimekuuliza umemwona wapi."

"Mama Gideoni, dunia ya sasa mtu haonwi, anasomwa."

Akarudi kwenye ungo wake. Mpure wa leo, mahindi na maharage yetu, ulikosa chumvi, nafikiri kwa makusudi.

Jumatano, 23 Oktoba

Mwalimu Hedwiga kamtuma mtoto kuuliza kwa nini Irine haji somoni. Nimejibu ana kazi ya kuniandikia. Ni kweli. Tumainieli anataka gunia tatu za mbegu na mambo ya biashara hayangoji.

Jumamosi, 26 Oktoba

Mvua. Ukungu umeshuka mpaka mlangoni.

Jumatano, 30 Oktoba

Tumainieli anaandika kila siku sasa. Nikiwa shambani simu inabaki nyumbani, Irine akitoka shule anaangalia. Jioni ananisomea.

Jumatatu, 4 Novemba

Leo nimeona kitu. Maandishi kwenye kioo yalikuwa marefu kama zaburi, Irine akasoma sentensi mbili. Nikamuuliza, mbona umefupisha? Akasema, "Mengine ni salamu tu, babu."

Salamu gani ndefu hivyo? Lakini watu wa bondeni ni waongeaji.

Jumanne, 5 Novemba

Tulikuwa tunamenya tangawizi jikoni. Irine akauliza, "Babu, utani unaweza kuwa siri?"

Nikamwambia utani ni utani, kachote maji.

Akasimama na ndoo muda mrefu, ndipo akaenda.

Jumamosi, 9 Novemba

Mvua haijakatika tangu Jumatano. Mfereji umejaa matope. Irine hali vizuri. Asteria anasema ni minyoo.

Jumanne, 12 Novemba

Asubuhi nimemjibu salamu kama siku zote, "Marahaba mchumba wangu." Akashtuka kama aliyekanyaga siafu. Hakucheka. Nikakasirika, nikasema haya ndiyo mafundisho ya yule mwalimu, mtoto anafundishwa kiburi kwa babu yake. Irine akainama kufunga viatu. Vilikuwa vimeshafungwa.

Alhamisi, 14 Novemba

Nitaandika yote.

Mchana Asteria alikuwa msibani ng'ambo ya korongo. Mimi nilirudi kutoka shambani mapema, mvua ilinifukuza. Nikala kiporo. Wakati wa Irine kutoka shule ukafika, ukapita. Nikasema kajikinga mvua mahali. Simu ikalia mezani, ile ya meseji. Nikaiacha. Ikalia tena. Ikalia tena.

Nilifuta kidole kwenye shati, nikakipulizia, nikagusa. Haikusikia. Nikagusa na kidole cha mwisho, kile kidogo kisichoshika jembe. Ikafunguka.

Mimi nasoma kwa kupanda, kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Nilianza. U-me-fi-ka wa-pi. Nikapumzika. Halafu: m-chu-mba wa-ngu.

Nilirudia mara tatu, nikidhani nimekosea herufi. Sikukosea. Lilikuwa neno langu, limekaa kwenye mdomo wa mtu mwingine.

Nikapandisha maandishi juu kwa kile kidole kidogo. Sikusoma yote. Niliyoyasoma yanatosha. Ba-bu a-si-ju-e. Ni za-wa-di ya-ke. Mahali pengine alikuwa anataka picha nyingine, "ya kwako peke yako, siyo ya babu." Mahali pengine Irine kaandika, "Lakini nitamwambia bibi," naye kajibu, "Ukisema utaharibu utani wetu, na babu atakuchukia." Na ya leo asubuhi: ashuke na pikipiki mpaka stendi ya bondeni akitoka shule, nauli atalipa yeye huko huko, wamnunulie babu zawadi ya kushtukiza.

Zawadi yangu! Kamvuta mtoto kwa mapenzi yake kwangu.

Nilitoka bila koti, na simu nikaisahau pale pale mezani. Njia ni utelezi, nilianguka mara moja, nikainuka. Kwenye kijiwe cha pikipiki nilimkuta Yahaya, kijana tunayemwamini, ndiye anayempeleka Asteria hospitali.

"Shikamoo mzee, mbona hivyo?"

"Irine! Umemwona Irine?"

"Alikuja hapa. Aliuliza nauli ya stendi ya bondeni. Nikamuuliza nani anakupokea? Akanyamaza. Nikamwambia mtoto wa watu simshushi mlimani bila neno la mkubwa wake. Akageuka, nikajua amerudi nyumbani. Nimekupigia mzee, nimepiga weee, hupokei."

"Hajafika nyumbani."

Yahaya akatazama barabara inayoshuka kwenye ukungu. "Kuna pikipiki moja imeshuka muda si mrefu," akasema. "Siyo ya kijiwe hiki. Ilikuwa na abiria. Turubai limemfunika, sikuona ni nani."

Akawasha, akashuka. Hakusema nauli. Mimi nikakata njia ya mkato kupitia ndiva. Sijui kwa nini nilidhani miguu yangu itaishinda pikipiki. Nilikuwa naita jina lake na mvua inalimeza. Mimi ambaye sauti yangu ilikuwa inasikika mpaka mwisho wa mfereji!

Kisha nikaona sweta.

Alikuwa amekaa ukutani mwa ndiva, pale ninapokaaga mimi nikihadithia. Begi kalikumbatia. Amelowa mpaka midomo imebadilika rangi.

"Babu usinipige."

"Sikupigi."

"Nilikuwa nakununulia koti."

Nikakaa. Nikamvutia kwangu. Nikamuuliza mbona hukwenda. Akasema, "Yahaya aliniuliza nani ananipokea, sikuwa na jibu. Halafu nikamkumbuka yule mtu wa jogoo. Babu, huyu anaomba kwa siri."

"Mbona hukuniambia siku zote hizi?"

Akanitazama. Mtoto wa miaka kumi.

"Mwalimu alisema siri inayokuuma tumbo usikae nayo. Yangu ilikuwa inauma. Lakini yule aliniita mchumba, na wewe unaniita mchumba. Nikasema labda wababu wote ndivyo wanavyotania. Nikakuuliza, ukanituma maji."

Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema.

Ijumaa, 15 Novemba

Nilitaka nimrekodie yule mtu matusi ya Chasu, Kipare chetu, ambayo hayajasikika tangu baba yangu afe. Nilitaka pia kuzifuta zile meseji, zisikae ndani ya nyumba yangu. Mwalimu Hedwiga akasema, "Mzee, usifute, usijibu. Ukimjibu anajua tumeamka. Ukifuta tumebaki na maneno matupu." Kwa mara ya kwanza nimefanya alichosema bila kubishana. Nilibishana kidogo tu.

Tumekwenda Same polisi, dawati la jinsia na watoto. Askari mama mmoja alimpa Irine chai kwanza, ndipo akauliza. Irine alisema yote, mkono wake kwenye kanga ya Asteria. Wamenakili kila kitu. Laini imesajiliwa kwa jina la bibi mmoja ambaye hata hajui ana laini hiyo. Kihurio hakuna mkulima anayemjua mtu huyo. Wanaendelea kumtafuta. Walipotaka kujua jina, shule na mahali tunapokaa aliyajuaje, nilinyanyua mkono kama mtoto wa darasani.

Gideoni kapanda kutoka Makanya na vumbi la jasi bado kichwani. Hakuniamkia. Alisema, "Baba, nilikupa simu. Sikukuambia umtangaze mtoto kama mbuzi wa mnada."

Asteria ndiye aliyesema, "Kaa ule kwanza, mwanangu."

Picha nimeifuta. Niligusa mara nne ndipo ikasikia. Mwalimu anasema ikishatoka haijulikani imelala kwa nani.

Jumatatu, 18 Novemba

Habari zimesambaa. Mtu kundini karekodi sauti, anacheka, anasema mzee wa ndiva kampata mkwe Kihurio. Wengine wameweka vikatuni vya kucheka. Ni watu wazima hao, tunakaa nao benchi moja kanisani.

Shuleni watoto wamemwita Irine "mchumba wa Kihurio." Wamelichora ubaoni. Amerudi kabla ya kengele, amesema haendi tena.

Jumanne, 19 Novemba

Hajaenda. Asteria kambembeleza, Gideoni kampigia. Mimi sina la kumwambia, maana neno wanalomchekea ni la kwangu.

Jumatano, 20 Novemba

Leo nilivaa koti la kanisani. Nikamwambia Irine, "Mimi nakwenda kusoma. Ukitaka nisindikize, usipotaka baki." Akasita. Akanishika mkono njiani, karibu na mfereji.

Somo la Mwalimu Hedwiga lilikuwa limejaa. Nikakaa kwenye dawati la watoto, magoti yakanigusa kidevu. Nilimwambia mwalimu nataka kuwasomea nilichoandika. Nikasimama, nikafungua daftari hili, nikasoma ile siku ya picha, halafu ile ya ndiva. Nilisoma kwa kupanda. Mtoto mmoja akacheka. Kisha wawili. Kisha darasa zima. Masikio yangu yalikuwa ya moto. Miaka yote nimejisifu darasa langu la tatu, kumbe sikuwahi kusoma mbele ya watu.

Irine akasimama. Sauti ndogo.

"Mwacheni. Babu anasoma."

Nikamaliza. Ilichukua muda.

Mwalimu hakuwahubiria. Aliuliza tu nani aliandika lile neno ubaoni. Akauliza nani anaweza kuja hapa mbele, amtazame Irine machoni, alitamke. Hakuna aliyesimama. Akasema, "Basi ambalo huwezi kulisema usoni, usiliandike ubaoni, wala kwenye simu." Binti mmoja wa nyuma, Mwanaasha, akaanza kulia, akachukua dasta akafuta ubao ambao ulikuwa hauna kitu.

Mimi nikawaambia watoto: mtu akikuomba kitu kwenye simu akakwambia usiseme, picha, jina, njia ya kwenu, hata kitu kizuri, usijiulize kama ni siri nzuri au mbaya. Kimbia kwa mkubwa unayemwamini, sema, "Kuna mtu anaomba maji." Mkubwa yeyote wa huku ataelewa. Na akikutuma ndoo kama mimi nilivyofanya, nenda kwa mkubwa mwingine.

Watoto walilirudia hilo neno mpaka barabarani. Wanalifanya mchezo. Na wafanye.

Alhamisi, 21 Novemba

Nimerekodi sauti kundini. Nimesema, mnaocheka, mcheni Mungu kwanza, halafu nichekeni mimi. Mtoto aligeuka njiani. Mjinga alikuwa mtu mzima. Yule wa kwanza kuchekesha kafuta. Wengine wameondoka kundini. Mia mbili hawafiki tena.

Jumapili, 24 Novemba

"Shikamoo babu."

"Marahaba..." nikakwama. Mdomo umezoea.

Asteria akasema mwite mama. Mimi nikasema bibi. Irine akasema, "Mniite Irine. Ndilo jina langu."

Marahaba, Irine.

Jumanne, 3 Desemba

Tangawizi imechipua. Polisi bado hawajampata. Askari mama kasema kuna familia nyingine, mbali na hapa, iliyopata mtu kama huyo huyo, shikamoo yake ile ile. Silali vizuri.

Ijumaa, 6 Desemba

Shule zimefungwa. Uani tulikuwa wengi, tunaosha na kumenya tangawizi: mimi, Asteria, wake wa majirani, Yahaya aliyekuja kuchukua mzigo. Jua limetoka baada ya siku nyingi. Irine alikuwa ndani. Simu ikalia.

Kukawa kimya huko ndani. Kisu changu kikasimama. Nilijiambia, Loth, usiite. Akiitwa atakuja kwa sababu umeita.

Akatoka na simu mkononi, akapita katikati ya mabeseni, akasimama mbele yetu wote.

"Babu, kuna mtu anaomba maji."

Ni namba ngeni, jina geni. Imeanza na shikamoo. Nimenawa mikono, nimevaa viatu. Yahaya kaushusha mzigo kutoka kwenye pikipiki atupeleke polisi, Same ni mbali na jua halingoji. Naandika hili nimesimama. Mwalimu Hedwiga ameitwa, anakuja anakimbia.

Wakati tunamngoja nimemwomba Irine aisome meseji yote kwa sauti, pale uani, wote wasikie. Amesoma mpaka mwisho. Nilikuwa namfuata kwa kidole, kwa kupanda, herufi kwa herufi.

Hakuruka hata neno moja.